Gogo Lililosimama

Mama Mtafiti aliishi kwa ajili ya nyuki, na aliwaogopa nyuki kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Nalisema hili mapema kwa sababu nikilichelewesha watu huniona mwongo. Akisikia mvumo wa nyuki wakubwa, wale wa kawaida wenye miiba, alikuwa anakunja gauni na kutimua mbio, mwanamke mzima mwenye shahada zake, miwani inarukaruka puani. Siku moja alijifungia ndani ya choo cha kituo mpaka kundi lililokuwa linapita likatokomea upande wa msitu. Alipotoka hakuona aibu hata chembe. "Wale wana silaha, Bwana Stoo," aliniambia. "Wangu hawana."

Wake walikuwa nyuki wadogo wasiouma, ambao watu wetu wanawajua zaidi kwa asali yao nyepesi yenye ukali kidogo, dawa ya kikohozi. Ni wadogo kuliko inzi. Hukaa ndani ya matundu ya miti, na mlangoni hujenga kijibomba cha nta. Ukiwachokoza hawana la kufanya ila kukuingia nyweleni na masikioni. Kazi yake pale kituoni, juu ya mji wa Karatu, ilikuwa kuwafuga ndani ya maabara kwenye sanduku lenye kifuniko cha kioo, lenye bomba jembamba la mpira lililopita ukutani ili watoke na kurudi wapendavyo. Alitaka kuona wanavyolea watoto wao na ni maua gani ya mashambani wanayatembelea. Kuwafuga, nasema. Kwa miaka mingi kazi yake hasa ilikuwa kuwazika.

Mimi nilikuwa mtunza stoo. Kila alichokihitaji kilipitia mikononi mwangu, naye alihitaji vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu haombi. Alitaka kioo wakati nusu ya madirisha ya kituo yamezibwa kwa maboksi. Alitaka blanketi. Alitaka zile chupa za mpira za maji ya moto ambazo wauguzi huwawekea wagonjwa miguuni. Nilipomwambia hapa si hospitali, alijibu kwamba hajawahi kuona hospitali yenye wagonjwa wengi kama chumba chake, akakaa kwenye gunia la maharage mpaka nikaenda kuzitafuta. Sijui jinsi ya kumnyima kitu mtu aliyekalia maharage yangu.

Alitaka pia sukari, na hapo ndipo alipokaribia kupigwa na watu. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa themanini, sukari ikisikika imefika dukani watu wanapanga mawe kwenye foleni kabla ya kujipanga wenyewe. Kipindi cha baridi maua yakiadimika, nyuki wake walihitaji maji ya sukari. Wafanyakazi wakawa wananung'unika, na mwisho dereva wetu akalitoa mkutanoni mbele ya Mkuu wa kituo.

"Ndugu Mkuu, sisi tunakunywa chai chungu, wadudu wanakunywa sharubati. Huu ni ujamaa wa namna gani?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga meza. Mama Mtafiti akasimama. "Ndugu Dereva, nyuki wanakunywa mgao wangu mimi. Wa kwako uko nyumbani kwako. Kama chai yako ni chungu kamuulize mkeo anaificha wapi."

Ilikuwa kweli, na niliyekuwa nagawa ni mimi. Hakugusa chembe ya sukari ya mtu. Chai yake aliinywa nyeusi na chungu mpaka akaizoea, na hata sukari iliporudi madukani hakuitaka tena. Na hebu sikia jingine: asali hakuipenda. Aliionja kwa ncha ya ulimi, kikazi tu, akakunja uso kama mtoto aliyepewa mwarobaini. Kwa Mkuu alikataa katakata kutoa hata kijiko, akisema chakula cha watoto wa watu hakionjwi. Lakini nimemwona kwa macho yangu akimtilia asali kwenye kikombe mama mmoja wa Kimaasai aliyeshuka kutoka juu na mtoto mgongoni anayekohoa kifua kizima. Nilipomtazama akanifokea, "Unatazama nini? Funga mlango, kuna baridi!"

Asubuhi, kabla ya kufunua blanketi lililofunika kile kioo, alibisha hodi. Simaanishi kwa mfano. Aligonga ubao wa sanduku kwa kidole, akasema "Hodi," akangoja kidogo, ndipo akafunua. Katekista wetu, aliyekuwa akija kituoni kununua mbegu, alimwuliza kama wamewahi kumwitikia karibu. "Bado," alisema, "lakini na mimi sijawahi kuingia nyumba ya mtu bila hodi, na siwezi kuanza leo kwa sababu mwenye nyumba ni mdogo."

Watu, kwa upande mwingine, hakuwabembeleza. Ukisema "nadhani" mbele yake umekwisha. "Unadhani, au umeona?" Kama hukuona, alichukua kofia yake ya sufi na kusema, "Twende tukaone." Aliyasema maneno hayo kwa kila jambo chini ya jua. Mimi na mke wangu tuligombana wakati fulani juu ya paa letu lililokuwa linavuja, mimi nikisema ni bati, yeye akisema ni uvivu wangu. Mke wangu akalipeleka shauri kwa Mama Mtafiti, akitegemea maneno ya hekima ya mwanamke mwenzake. Mama akasikiliza nusu tu, akasema twende tukaone, na mvua ikiwa inanyesha akapanda ngazi mwenyewe. Akashuka amelowa chapachapa. "Bati ni zima," alisema. "Misumari imelegea. Mkeo yuko karibu na ukweli kuliko wewe." Nikapanda kugongomea.

Na mtu huyu wa kuona kwanza, miaka yote hiyo hakuona kitu kimoja kilichokuwa mbele ya pua yake, wala sisi hatukukiona. Nyuki walikuwa wanakufa. Walikuwa wanaletwa wazima kutoka msituni, wanaingizwa kwenye sanduku, wanafanya kazi vizuri wiki za kwanza, wanaingia na kutoka kwenye mpira wao na chavua miguuni. Sote tunafurahi. Kisha wanapungua. Leo wachache, kesho wachache zaidi, mwisho unabaki na sanduku lenye malkia na wazee kadhaa wanaotembea taratibu kama watu waliofiwa. Tulisema ni baridi. Karatu mwezi wa saba si mahali pa mchezo, ukungu unashuka kutoka Ngorongoro mpaka huoni ng'ombe wako mwenyewe. Kwa hiyo akaongeza blanketi, akaongeza chupa za maji ya moto, akabadilisha chumba akahamia kile kinachopakana na jiko. Wakafa wakiwa na joto lao.

Mkuu wa kituo hakuwa mtu mbaya. Alivumilia zaidi ya ambavyo ningevumilia mimi. Lakini siku moja alimwita, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa napima mapazia ya ofisi yake.

"Mama, mimi si adui wa nyuki. Lakini wageni wanatoka Arusha, wanatoka Dar es Salaam, nawaketisha wapi? Kwenye magunia ya Bwana Stoo?"

"Wageni wana makalio yao, watajua pa kuyaweka."

"Nasema kwa heshima, Mama. Kipupwe kijacho. Wakivuka kipupwe wakiwa hai, chumba ni chako. Wakifa tena, nakifanya ofisi ya wageni, na wewe nitakuandikia urudi makao makuu ufundishe."

Nilitoka naye, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatembea bila kuona anapokanyaga. Kufundisha aliweza, lakini alirudi Karatu kwa ajili ya wadudu hao na hakuwa na kingine alichokitaka duniani. Aliniambia tu, "Nikiondoka hapa nimeshindwa na kitu kidogo kuliko punje ya mpunga." Moyo uliniuma, nikasahau hata mapazia.

Kilichofuata ni chake mwenyewe, hakuna aliyemfundisha. Aliacha kutazama sanduku. Akaanza kwenda kijijini kwao Kansay, kwa mkulima mmoja aliyekuwa na kiota cha nyuki wadogo ndani ya mti uliosimama mpakani mwa shamba lake, hai miaka nenda rudi bila blanketi wala sukari. Akaomba ruhusa ya kutoboa kidirisha kwenye mti huo. Akafungua kwa sindano chumba kimoja cha nta, kile ambamo mtoto wa nyuki hulelewa, akakitazama kwa kioo chake cha kukuzia. Akafunga kidirisha kwa udongo, akarudi kituoni, akafungua chumba kama hicho kwenye sega la nyuki waliokufa.

Ilikuwa saa ya chai ya saa nne. Tulikuwa nje tumekaa kwenye jua, akatoka maabara anakimbia, nasi tukajua nyuki wakubwa wamekuja, kila mtu akasimama.

"Nimempata muuaji!" alipiga kelele.

"Nani?" dereva aliuliza.

"Mimi! Na wewe! Na Bwana Stoo pia, alitoa kamba!"

Alikuwa anacheka machozi yanamtoka. Akachukua kikombe cha dereva chenye chai nusu, akaokota jani akaliweka juu ya chai. "Nyuki mkubwa humlisha mtoto wake kidogokidogo, kama mama mwenye kijiko. Hawa wangu hawafanyi hivyo. Wanamwekea chakula chote mara moja, uji mwepesi, malkia anasimamisha yai juu ya uji, wanafunga mlango. Yai linaelea. Sasa tazameni." Akakilaza kikombe. Chai ikamwagika kwenye suruali ya dereva. "Mtoto amezama! Watoto wote wa nyumba wamezama siku moja, na sisi tunaona wazazi wanaruka tunafurahi. Wazazi wakiisha hakuna wa kushika nafasi zao."

Ndipo nasi tukaona. Kwetu, tangu enzi za mababu, mzinga ni gogo linalolala mtini. Hakuna aliyewahi kuona mzinga uliosimama. Kwa hiyo kila kiota tulichokikata msituni, kilichokuwa kimesimama wima ndani ya mti wake, tulikilaza ndani ya Landrova kwa heshima zote, tukakifunga kamba kisisogee, tukakileta kimelala. Na yeye mwenyewe alipokuwa anahamishia masega sandukuni aliyageuza huku na huku ayatazame vizuri. Tulikuwa tunawaua kwa adabu.

"Lakini Mama," dereva alisema huku anajifuta, "mzinga hulala."

"Mzinga wako ulale. Wangu utasimama."

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na wengi wakikigundua hunyamaza wasichekwe. Yeye aliwatangazia mpaka wapishi. Nilimpenda sana siku hiyo.

Kiota kipya kilipatikana kabla ya baridi kuanza. Watengenezaji wa barabara walikuwa wanakata mti mkavu ulioinamia njia, juu ya lango la Ngorongoro, kabla hujafika ukingo wa kreta, wakaona kijibomba cha nta wakatuma habari. Tukaenda na Landrova ya turubai, turubai likiwa limetolewa, mimi nikiwemo kwa sababu blanketi za stoo haziendi safari peke yake. Mama Mtafiti alichora alama ya chokaa upande wa juu wa gogo kabla msumeno haujagusa mti. Waliokuwa wanakata walitaka kulidondosha kama kawaida, akawasimamia mbele, mikono kiunoni, mpaka wakalifunga kamba na kulishusha pole pole, limesimama, kama mtu mzima anayeshushwa kitandani. Tukalipandisha garini limesimama. Tukalizungushia blanketi. Kisha akapanda nyuma, akaketi sakafuni, akalikumbatia kwa mikono na miguu.

"Endesha," alimwambia dereva. "Ukipiga shimo moja nakushitaki kwa Mungu."

Sijawahi kuona gari linashuka mteremko ule polepole namna ile. Ukungu ulikuwa umefunga, tunapitwa na kila kitu. Kombi ya watalii ikasimama ubavuni mwetu, kamera zikatoka madirishani zote, kwa kuwa tembo hawakuwaona lakini wamemwona mwanamke mwenye miwani amekumbatia gogo lililovaa blanketi. Yeye akawapungia kwa kidole kimoja, kingine hakuthubutu kukiachia. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa anavusha ng'ombe wake alisimama na fimbo yake, akatutazama kwa muda mrefu, akauliza, akimwita mama kwa Kimaasai, "Yeyo, huyo mtu wenu kichwa kiko wapi?" Nasi tukacheka mpaka Mama akatukataza kutikisa gari.

Langoni mlinzi alikuja na hati yetu ya ruhusa mkononi, akachungulia nyuma, akashituka.

"Mama, huyu mgonjwa anaumwa nini?"

"Ni mjamzito," Mama Mtafiti alisema. "Tupishe."

Mlinzi akainua kizuizi haraka kabla hajaelewa alichoambiwa.

Kipupwe kile kilikuwa kibaya. Mvua ya manyunyu ilikaa siku nzima nzima, kuni hazikauki, mbaazi za watu zikachelewa. Mama Mtafiti alihamishia masega sandukuni kwa mikono iliyoshika kila sega kwa usawa kama anabeba bakuli la supu iliyojaa hadi ukingoni. Kisha akangoja, nasi tukangoja naye. Yule dereva aliyewahi kulalamikia sharubati akawa wa kwanza kufika asubuhi kuuliza habari za wagonjwa, na mara moja nilimkuta anamwachia mlangoni sukari iliyofungwa kwenye gazeti, akaniapiza nisiseme. Wiki zile ambazo kawaida wanaanza kupungua zikafika. Hapo hata dereva hakuthubutu kuuliza tena. Tulimtazama uso tu anapotoka, naye alikuwa amenuna kama kawaida yake, hivyo hatukujua kitu.

Mkuu alikuja mwenyewe baridi ilipokatika, na wageni wake wawili kutoka Arusha nyuma yake. Mama Mtafiti akabisha hodi, akangoja, akafunua blanketi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nilikuwa nimejileta tu. Chini ya kioo palikuwa pamejaa. Masega mapya yamepandana ghorofa kwa ghorofa, na juu yake wanatembea nyuki wachanga, weupe weupe, bado hawajapata rangi, waliozaliwa humo humo ndani ya maabara. Mkuu akavua kofia. Akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Hawa wote wamezaliwa hapa?"

"Walioletwa na gari wamekwisha kufa kwa uzee. Hawa msitu hawaujui kabisa."

"Basi, Mama," Mkuu alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha ya kweli. "Chumba ni chako."

"Ahsante, Ndugu Mkuu. Nahitaji na cha jirani."

Akapewa. Dereva alipiga honi uani mpaka wapishi wakatoka, na siku ile Mkuu mwenyewe aliagiza chai ya kituo kizima iwe na maziwa.

Alistaafu miaka michache baadaye, akarudi kwao Kansay kulima. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi tu. Kila mwezi alipanda basi akaja kuwakagua, akimtesa kijana msomi aliyeshika nafasi yake: joto likoje, nani kagusa kifuniko, mbona chavua ni ya rangi moja. Kijana alinilalamikia, nami nilimwambia avumilie. Nilijua kinachomleta. Alikuwa bado anaamini kwamba akiwapa mgongo watakufa. Ameshawazika sana, na hofu ya namna hiyo haiishi kwa sababu umeshinda mara moja.

Mara ya mwisho nilipomwona akija kwa shughuli hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, jua la mwezi wa tisa. Nilimngoja getini kabla hajafika maabara. Nikamwambia kuna kitu nyuma ya stoo. Akadhani nataka kumwonyesha paa. Nikampeleka mpaka kwenye ukuta wa mawe wa nyuma, mahali ambapo saruji imebanduka, nikanyoosha kidole. Kwenye ufa palikuwa na kijibomba cha nta, na nyuki wadogo wanaingia na kutoka, miguu imejaa chavua.

Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Nani amewaweka hapa?"

"Hakuna, Mama. Walianza kutoka kwenye mpira wa maabara, wakibeba nta na chakula kidogo kidogo, kama binti aliyeolewa jirani anayerudi kuomba chumvi kwa mama yake. Baadaye wakaacha kurudi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya baridi."

Akageuka akanitazama. "Wamevuka kipupwe humu? Ukutani? Nani alikuwa anawalisha?"

"Hakuna mtu, Mama. Nami sikuwafunika hata gunia. Nilisema nisikwambie mpaka nione kama watavuka."

Akakaa juu ya debe lililokuwa pale. Alilia, na alikuwa anacheka, na sikujua nishughulikie kipi kwanza, nikasimama tu. Kisha akainuka, akakung'uta gauni, akaniuliza habari za mke wangu na watoto, mambo ambayo miaka yote hakuwahi kuwa na nafasi ya kuyauliza.

Nikamsindikiza. Tulipofika mbele ya maabara, kijana msomi alikuwa tayari amesimama mlangoni, amejiweka sawa kwa ajili ya maswali. Mama Mtafiti akamshika mkono, akamwuliza kama hajambo, akamwambia kazi iendelee vizuri, akapita bila kuingia, akaenda zake kupanda basi la Kansay.